Mafuta ya Mimea Ndani ya Transfoma

Usiku wa tarehe 20 Machi 2025 moto mkubwa ulizuka katika kituo cha kupoza umeme cha North Hyde, magharibi ya London. Transfoma iliyowaka ilikuwa na lita 25,000 za mafuta. Kesho yake uwanja wa ndege wa Heathrow ulifungwa karibu siku nzima, safari zaidi ya 1,300 zikavurugika, na maelfu ya nyumba zikakosa umeme. Mji ule si maskini, wala haukosi mafundi. Basi yatupasa sisi nasi, ambao transfoma zetu husimama kando ya soko na mbele ya zahanati, tujiulize ni kitu gani kilichomo ndani yake.

Transfoma ni tangi la chuma. Ndani mna nyaya za shaba zilizovikwa karatasi na kuviringishwa juu ya kiini cha chuma, na vyote vimezama katika mafuta. Mafuta hayo yana kazi mbili: huzuia umeme usiruke pasipotakiwa, tena huchukua joto la shaba na kulitoa nje lipozwe na hewa. Aghalabu mafuta hayo hutokana na petroli ya ardhini. Bei yake ni nafuu na kazi huifanya vema. Ila yakifika joto la kati ya nyuzi 160 na 180, cheche moja yatosha kuyafanya yaendelee kuwaka.

Hatari hiyo ilijulikana zamani, lakini dawa ya kwanza iliyotumiwa ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Viwanda vilitia katika transfoma kemikali ziitwazo PCB, kwa kuwa hazishiki moto upesi. Baadaye ikadhihirika kwamba ni sumu isiyooza, ikaayo katika udongo, katika samaki na katika miili ya watu. Marekani ilikataza utengenezaji wake mwaka 1979. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliyataka mataifa yakomeshe kuzitumia katika mitambo ifikapo mwaka 2025, na mabaki yake yashughulikiwe kwa usalama ifikapo mwaka 2028. Miongoni mwa waliokuwa hatarini ni fundi aliyezigusa kwa mikono mitupu.

Sasa yametokea mafuta ya mimea: ya soya, ya alizeti, na ya rapa, mmea wa jamii ya haradali. Haya hayashiki moto wa kudumu mpaka joto lipite nyuzi 300. Yakimwagika, huoza ardhini kwa kazi ya vijidudu. Tena huvuta unyevu kutoka katika karatasi inayozifunika nyaya, na karatasi ikikauka hudumu zaidi. Wala si jambo la majaribio tu: katika Ujerumani, kwa zaidi ya miaka kumi sasa, kituo cha Bruchsal kina transfoma ya volti 420,000 iliyoundwa na kampuni ya Siemens na kujazwa mafuta ya rapa.

Hata hivyo, tusipumbazwe na neno mimea. Mafuta haya ni mazito, kiasi cha mara tatu kuliko yale ya petroli, kwa hiyo hupita polepole, na transfoma hapana budi iundwe kwa kulijua hilo. Yakikutana na hewa huganda na kuharibika. Lazima tangi lizibwe barabara. Bei yake nayo ni kubwa zaidi. Na nchi kama Tanzania, ambayo bado huagiza ng'ambo sehemu ya mafuta yake ya kula, haiwezi kuruhusu transfoma ishindane na sufuria.

Zaidi ya hayo, mafuta mema hayachukui nafasi ya kazi njema. Taarifa ya uchunguzi wa North Hyde, iliyotolewa Julai 2025, ilieleza kwamba yaelekea unyevu uliingia mahali umeme unapopitia kuingia katika transfoma. Dalili ya unyevu huo ilikwisha kuonekana katika vipimo vya mwaka 2018, isishughulikiwe. Hakuna mmea uotao duniani uwezao kuponya uzembe wa namna hiyo.

Kwetu kuna hatari nyingine. Mwaka 2014 habari kutoka Kenya zilieleza juu ya wezi wafyonzao mafuta ya transfoma na kuyauza kwa wakaangao chipsi. Je, mwizi akisikia kwamba ndani mna alizeti, hatazidi tamaa? Wananchi waambiwe mapema: mafuta hayo yametiwa dawa za kiwandani, yamechemka miaka mingi juu ya shaba na karatasi, si chakula.

Shauri letu ni hili. Transfoma mpya za hospitali, shule, masoko na majumba marefu, na zile zilizo karibu na maji ya kunywa, zitangulie kujazwa mafuta ya mimea. Nyingine zifuate kadiri fedha iruhusuvyo. Wanaonunua wasitazame bei ya siku ya kwanza tu, bali wahesabu pia gharama ya moto, ya udongo ulioharibika na ya transfoma iliyokufa kabla ya wakati wake. Na kila tangi liandikwe ubavuni aina ya mafuta yaliyomo, na kama limepimwa PCB. Mfanya kazi apandaye mlingoti anayo haki ya kujua anagusa nini.