Mashine ya Kufyonza Vumbi Isitupwe kwa Haraka

James Murray Spangler, mfagiaji wa duka kubwa mjini Canton, Ohio, aliyetaabishwa na pumu kwa sababu ya vumbi la mazulia, alipounganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya, akapata hataza yake mwaka 1908, aliwaachia walimwengu chombo ambacho kazi yake ni sahali kufahamika. Kwa hiyo nastaajabu kuona watu wakikitupa jalalani mara tu kinapopungua nguvu ya kuvuta.

Aghalabu mota haina dosari. Plagi ikishachomolewa ukutani na mashine ikalazwa chali, hudhihirika kwamba nywele na nyuzi zimejisokota katika burashi hata haizunguki, au mkanda wa mpira umelegea ama kukatika, na mkanda mpya ni kitu cha thamani ndogo. Burashi ikiwa nzima, litazamwe bomba, huenda limezibwa na soksi, kisha chujio, ambalo likiwa la kuoshwa sharti likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Hata mashine iliyozimika ghafula kwa harara huenda ni salama, maana nyingi zina kinga ikatayo umeme mpaka zipoe.

Waya uliochunika apewe fundi.

Lawama yangu ni kwa watengenezaji wafungao vyombo vyao kwa namna isiyofunguka. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya matengenezo, na mashine hizi zimo ndani yake. Nami naona ni wajibu wa kila auzaye mashine, popote alipo, kuuza pia mikanda na machujio yake.