Simu ya Mkeo ni Duka Lake



Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu ambacho nina hakika hakiko mbali na wewe hivi sasa. Kama hakipo mkononi, kipo kwenye mkoba. Kama hakipo kwenye mkoba, basi kimechomekwa ukutani kinachajiwa. Simu! Najua umeshaanza kuguna: "Haya, tena yale yale ya kupekua meseji za mume." Subiri kwanza. Simu na wapenzi wa pembeni tumeshazungumza mpaka maneno yamekwisha. Leo nataka tuitazame simu kama kazi, hasa kazi ya mwanamke wa Unguja, halafu ndiyo tuone inagongana wapi na ndoa. Maana inagongana, tena vibaya.

Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe, iwe Mkunazini, Kiponda au Shangani, utakuta milango mikubwa imefungwa na kimya kimetanda. Usidanganyike. Nyuma ya mlango ule pengine yupo mama mwenye oda ya sambusa 300 za shughuli ya Ijumaa. Ghorofani yupo dada anachanganya singo na kupanga udi kwenye vikopo, na wateja wake ni mabiharusi watarajiwa. Nyumba ya tatu wanauza mabaibui yaliyotoka Dubai. Picha zinapigwa juu ya kitanda, zinarushwa WhatsApp, na kabla ya adhuhuri mzigo umeshafika bandarini Malindi kupanda boti ya Dar es Salaam. Mteja wa Kariakoo kalipa tangu jana usiku! Mlangoni hakuna kibao, Darajani hakuna fremu ya kulipia kodi, na mwenye biashara hajatia mguu nje.

Wakubwa zetu wanakumbuka ilivyokuwa. Mwanamke wa ndani akipika visheti au mikate, anamtwika mtoto sinia, mtoto anazunguka mtaani. Biashara ilifika pale miguu ya mtoto ilipoishia. Zikibaki, mnakula wenyewe. Leo sinia limo kwenye simu, na linafika Chake Chake, Muscat na London kwa siku moja.

Lakini tuangalie vizuri, kwenye simu hiyo mna nini? Mna majina ya wateja wote. Mna picha za bidhaa. Mna maelewano ya bei, na madeni ya nani kachukua nini na kaahidi kulipa lini. Na tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na baadaye Ezypesa ya Zantel, pesa zenyewe zimo humo humo. Yaani duka, stoo, daftari na sanduku la fedha, vyote ndani ya kitu kimoja kinachoenea kiganjani.

Sasa tuseme ni saa 3 za usiku, mko sebuleni. Simu ya mke inalia tii! Namba haina jina. "Mambo dada, ile kitu bado ipo? Naihitaji leo leo." Mume anaisoma kwa pembeni. Nani huyu? Kitu gani? Leo leo kuna nini? Mke anaanza kueleza, mume hasikii. Simu inanyakuliwa. Mwenye hasira kidogo anaizuia ile namba. Mwenye hasira zaidi anatoa laini na kuivunja. Mwenye hasira mno anaibamiza ukutani. Kumbe aliyeandika ni kijana wa watu anatafuta udi wa kumpelekea mama yake! Asubuhi ikifika, dada yule hana mteja, hana hesabu, hana anayemdai wala anayedaiwa. Jiulize, msomaji: yule mume angekwenda Darajani akalikuta duka la mtu, akalivunja milango na kuchoma daftari, tungemwita nani?

Hapa Unguja mambo haya hayakuanza na simu. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilipoanza kama biashara kule Paje na Jambiani, wanawake ndio walioingia majini kwa wingi. Maji yakipwa wanashuka pwani na kamba zao na vigingi, wanafunga mbegu, wanavuna, wanaanika, wanauza. Kwa mara ya kwanza wengi wao walishika pesa zao wenyewe bila ya kunyoosha mkono kwa mtu. Maneno yalikosekana? Wapi! Mwanamke gani anashinda baharini, chakula kinapikwa saa ngapi, pesa anazipeleka wapi. Lakini mabati yalipopanda juu ya nyumba, na watoto walipovaa sare mpya za skuli, sauti zikapungua. Leo Paje wapo wanawake wanaotengeneza sabuni za mwani na kuwauzia wageni, na hakuna anayeshangaa.

Simu imefanya jambo lile lile, ila imeingia mpaka chumbani. Na imeingia haraka! Zantel ilipoanza hapa Zanzibar mwaka 1999, simu ya mkononi ilikuwa ya mwenye nazo, na sisi wengine tulikuwa watu wa kubipu tu. Miaka tisa baadaye, mwezi Mei 2008, kisiwa kikazimika kwa karibu mwezi mzima baada ya kukatika umeme unaotoka Bara. Halafu tena kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu ya giza. Wenye umri wanakumbuka: friji liliachwa likaoza, feni ikasahauliwa, lakini simu ilitafutiwa jenereta popote lilipo, na pesa za kuchajia zikalipwa. Watu hawahangaikii anasa namna ile. Ilikuwa imeshakuwa haja.

Tofauti ya mwani na simu ni kwamba mwani unaonekana. Mume anaona mkewe kalowana, anaona gunia, anajua mke katoka kazini. Mwenye kuuza kwa simu anaonekana kakaa kwenye kochi anabonyeza. Ndiyo maana hata mke akifanya kazi saa kumi kwa siku, nyumbani wanasema "yeye kazi yake kuchati." Na pesa zake hazionekani pia. Haziko kwenye kibubu, hazikufungwa kwenye ncha ya kanga. Zipo nyuma ya namba ya siri. Nadhani hapa ndipo penye kidonda hasa. Baba anasema ana wasiwasi na wanaume wanaoandika, lakini mara nyingine kinachomkereketa ni kwamba ndani ya nyumba yake pana sanduku asilolijua lina kiasi gani.

Kwa dini ya wengi wetu hapa visiwani, mali ya mke ni ya mke, na matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Hilo halina ubishi, na kila mume alilisikia kabla ya kutoa mahari. Serikali nayo ina lake. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inasema kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa yake ni kosa. Simu za leo ni kompyuta, usiwe na shaka. Sikwambii umburuze mumeo polisi, jamani! Nasema tu ujue kwamba "mimi ni mumeo" si ufunguo wa kila kitu.

Tuwe waadilifu lakini. Waume nao wana hoja. Si haki mtu arudi kutoka kazini amkute mkewe na simu, ale peke yake kwa sababu mke anajibu wateja, alale huku mwanga wa skrini unamulika dari. Na wapo wanaume, tunawajua, wanaouliza bei ya baibui wasilokuwa na haja nalo mpaka usiku wa manane. Mke anayewachekea kwa jina la "mteja ni mfalme" anatafuta balaa mwenyewe. Na tusisahau upande wa pili. Mume anayetembeza wageni anaandikiwa usiku na bibi wa Italia anayeuliza bei ya safari ya Kizimkazi kuangalia pomboo. Mke anairukia ile simu na kumjibu mgeni matusi ya Kiswahili! Kesho safari imekwenda kwa mwingine, na chakula cha watoto kimekwenda nayo. Duka ni duka, liwe la mke au la mume.

Basi tufanyeje? Haya hapa machache ambayo naona yanasaidia.

Kwanza, tenganisha laini. Simu nyingi siku hizi zinaingia laini mbili. Moja iwe ya kazi, nyingine ya nyumbani. Ipo pia WhatsApp ya biashara, iliyotolewa mwaka 2018, nayo ni bure. Unaweka jina la biashara yako na saa za kazi, na inamjibu mteja yenyewe ukiwa umepumzika. Mume akiona meseji imeingia kwa jina la "Singo na Udi", moyo unatulia kidogo.

Pili, hakikisha laini ni ya jina lako. Hili dada zangu wengi hawalijui. Tangu tarehe 20 Januari 2020 zilianza kuzimwa laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole. Maana yake, kwa kampuni ya simu mwenye laini ni yule mwenye kidole, na pesa zilizomo ni zake. Kama laini unayofanyia biashara ilisajiliwa kwa kidole cha mume, kaka au binamu, basi siku mkikosana atakwenda dukani, ataidai, na atapewa. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama ya biashara haimo, anza kuishughulikia kesho.

Tatu, duka lina saa ya kufungwa. Hata pale Darajani wanashusha milango. Chagua saa yako, labda saa 2 za usiku, waambie wateja, halafu iheshimu. Mwezi wa Ramadhani, wakati oda za futari zinapomiminika, kaeni mpange upya nani anafanya nini. Mteja wa kweli atarudi asubuhi.

Nne, kuwa na daftari la karatasi. Ndiyo, la karatasi! Simu inaweza kuibiwa kwenye daladala, inaweza kutumbukia kwenye ndoo. Andika wadeni wako na wateja wako wakubwa. Na ukipata meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii", usitume hata shilingi. Namba ya tapeli iripoti kwa kuituma 15040.

Tano, na hili ndilo gumu, mwambie mumeo unafanya nini. Namba ya siri ibaki yako, lakini biashara isiwe siri. Mwonyeshe bidhaa, mtajie wateja wako wakubwa, mweleze mwezi huu umeingia vipi. Anayeijua kazi yako hashtuki simu ikilia. Asiyejua kitu atajaza mwenyewe, na mwenye wivu hajazi mazuri.

Nanyi akina baba, niwaachie moja tu. Mwisho wa 2023 akaunti za pesa kwa simu hapa nchini zilikuwa zimeshazidi milioni 50. Hatutarudi kwenye sinia kichwani mwa mtoto, hata tukivunja simu ngapi. Na ada ya skuli ya mwanao, gesi ya jikoni, pengine hata nauli uliyotokea nayo leo asubuhi, imetoka kwenye lile duka dogo lisilo na kibao. Kwa hiyo leo usiku simu ya mkeo ikilia, kabla hujauliza "nani huyo?", hebu jaribu kuuliza, "leo umeuza ngapi?" Kaa usikilize jibu lote. Utajifunza mengi kuhusu mwanamke uliyemuoa, na amani ya nyumba haitakugharimu hata vocha ya shilingi mia tano.

Tukutane mwezi ujao, inshallah.