Mzani haujui kama mtoto ameketi

Siku ya kliniki ina mwendo wake. Mtoto hushushwa mgongoni, huning'inizwa kwenye mzani, nukta huwekwa kwenye kadi, sindano kama zamu yake imefika, kisha hurudi mgongoni. Mama wa kambi ya wakimbizi ya Nduta, Kigoma, anaujua mwendo huo sawa na mama wa Kasulu mjini. Akidokeza kwamba mwanawe wa miezi 10 bado hajakaa, huambiwa, "Kila mtoto na wakati wake."

Ni kweli nusu. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likatoa matokeo mwaka 2006: karibu wote walikaa bila kushikiliwa kati ya miezi 3.8 na 9.2, wakatembea peke yao kati ya miezi 8.2 na 17.6. Kama asilimia 4 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata kidogo, wakatembea vilevile. Bibi asiyejali mjukuu "aliyekataa kutambaa" huenda yuko sahihi.

Lakini wakati huo una mwisho. Miezi 4 shingo ikiwa bado inalegea, miezi 9 hajakaa, miezi 18 hajapiga hatua: mtoto apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Asiyetimiza mwaka anayetumia mkono mmoja tu, mwingine umekunja ngumi, apelekwe hata kama ananenepa. Aliyekuwa anakaa akaacha, aonwe na daktari mara moja. Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, huhesabiwa miezi tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Waliochelewa kulia walipozaliwa, waliopata manjano kali, walionusurika malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, hao wasisubiri dalili zijikusanye, kwani wako katika hatari zaidi ya mtindio wa ubongo. Mazoezi hayauponyi. Huweza kusaidia viungo visikakamae, na mtaalamu humwonyesha mama namna ya kumbeba, kumketisha na kumlisha mtoto bila kupaliwa.

Kwamba mikono ya mzazi hufundisha mwili si habari ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1976 mtafiti Charles Super aliandika kuhusu akina mama wa Kipsigis huko Kokwet, Kenya, waliowaketisha watoto kwenye kishimo ardhini ili wajifunze kukaa. Walikaa mapema kuliko watoto wa Marekani. Katika kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwatangulia.

Kinachoudhi ni kwamba ratiba ya kuwakagua watoto ipo tayari: ni ile ya chanjo. Wiki ya 14, mtoto alazwe kifudifudi ionekane kama anahangaika kuinua kichwa. Chanjo ya surua ya miezi 9, aketishwe mkekani. Ile ya miezi 18, ashushwe atembee. Dakika mbili, hakuna mashine. Foleni ni ndefu, muuguzi atasema, na hasemi uongo. Hata hivyo mtoto yuko mikononi mwake tayari.

Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 kupokea Warundi, ina sababu moja zaidi. Tangu Septemba 2017 misafara imekuwa ikirudisha familia Burundi. Kilichoonekana kwa mtoto na mazoezi aliyoanzishiwa viandikwe kwenye kadi yake, kwa Kiswahili na Kifaransa, ili mhudumu wa ng'ambo ya mpaka aendelee pale mwenzake alipoishia.