Dreamcast haikuwa jina la jezi tu

Shabiki wa Arsenal wa enzi za Thierry Henry anaikumbuka jezi iliyoandikwa Dreamcast kifuani. Muulize Dreamcast ni nini, anaweza kukwambia labda kampuni ya simu. Wapi! Ilikuwa mashine ya gemu ya Sega, tena ya moto kwelikweli.

Ilitoka Japani Novemba 1998, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya PlayStation 2. Prosesa yake ilikimbia megahezi 200, wakati ya PlayStation ya kwanza haikufika hata 35. Ilikuwa na modemu ndani kwa ndani, unacheza na mtu wa mbali kwa intaneti, jambo ambalo vijana wa leo wanaliona la kawaida.

Sasa ilikwama wapi? EA, watengenezaji wa FIFA, walikataa kuitengenezea gemu. Yaani mashine iliyotangazwa na Arsenal haikuwa na FIFA! Ni sawa na kusajili straika mkali halafu hakuna wa kumpigia krosi. Mwaka 2001 Sega ikaacha kuitengeneza.

Mei 2002, Sylvain Wiltord akafunga Old Trafford, Arsenal ikatwaa ubingwa ikiwa na jina la Sega kifuani. Mashine yenyewe ilishazikwa.

Ndiyo maana nakataa kuiita mbovu. Tukihesabu makombe tu, tutawasahau wengi waliojua mpira. Kabla hujasema fulani hakuwa kitu, angalia kwanza alicheza na nani.