Nani Atawataja Waandishi wa Kwetu?



Wapenzi wasomaji, juma hili safu yetu itazungumza juu ya vitabu, na hasa vitabu vya watu wa kwetu. Sisi tulio hapa Nkoroi, baina ya Ongata Rongai na Kiserian, tumetoka Mvita, Lamu, Malindi, Vanga na kwingineko katika mwambao, na kilichotuleta ni riziki. Watoto wetu wengi wamezaliwa huku. Milima ya Ngong wanaiona kila asubuhi. Bahari wanaiona mara moja kwa mwaka, likizo ya Disemba au siku za Idi, tukijaaliwa nauli. Kiswahili wanakijua, kwani ni somo la mtihani, lakini ni kile cha shule. Bibi akija kututembelea kutoka Mombasa akamwita mjukuu, "Ndoo hapa," mjukuu hukimbilia jikoni akarudi na ndoo ya maji. Sote hucheka, na bibi hucheka kutushinda. Lakini mtoto asiyejua kwamba "ndoo" ni "njoo" kwa wazee wake, na kwamba "mato" ni macho, huyo atamsomaje Muyaka?

Muyaka bin Haji alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776 akafariki mwaka 1840. Aliishi katika zama ambazo Wamazrui wa Mombasa walikuwa wakivutana na Sayyid Said wa Oman, naye akatunga mashairi ya vita, ya mafumbo, ya mapenzi, ya safari na ya shida za maisha. Wataalamu humsifu kwa kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni. Maneno hayo, katika gazeti la nyumba za Waislamu kama hili, yataka kufafanuliwa kidogo, asije mtu akadhani mzee yule aliupa msikiti kisogo. Maana yake ni kwamba, kabla yake, tungo nyingi zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa tenzi za dini. Yeye akaonyesha kuwa bahari hiyo hiyo ya utungo yaweza kubeba mambo ya barazani, ya bandarini na ya ugomvi wa wakubwa.

Alipofariki Muyaka hapakuwa na kitabu chake. Mashairi yalibaki vifuani mwa watu, na kifua cha mtu huzikwa pamoja naye. Aliyetuokoa ni mtu ambaye wengi wetu hatulijui hata jina lake: Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Mwishoni mwa karne ya 19 mwalimu huyu alizikusanya tungo kutoka kwa wazee waliokuwa wangali wakizikumbuka, akaziandika, na kumfafanulia William Taylor, mmishenari wa Kiingereza aliyekuwa Mombasa. Karatasi za Taylor zikaishia London. Mwaka 1940, miaka mia tangu mshairi alipokufa, William Hichens akaichapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Baadaye, mwaka 1979, Profesa Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi akatoa kitabu kikubwa cha uchunguzi wa mashairi hayo, na ndicho kinachotumiwa na wanafunzi mpaka leo.

Tazameni njia ilivyozunguka: Mombasa, London, Johannesburg, kisha Nairobi. Mwanzo wa njia yote hiyo ni msomaji mmoja aliyempenda mshairi wa mji wake, akaona uvivu kusema "Muyaka nani asiyemjua?" Mwalimu Sikujua mwenyewe hakungojea mtu wa chuo kikuu. Alikwenda kwa wazee, akasikiliza, akaandika.

Nasema haya kwa sababu tumekuwa na desturi moja ambayo, kwa maoni yangu, haitufai. Kwenye harusi, kwenye hafla za madrasa, hata kwenye mikutano ya kuchanga pesa, husimama mtu akawataja waandishi wa pwani kama anayehesabu mali ya urithi: fulani wetu, fulani wetu, na yule aliyepata tuzo pia wetu. Makofi yakapigwa. Ukimuuliza msemaji ni kitabu gani amekisoma, atakwambia anasaka muda. Mwandishi husherehekewa kwa kusomwa. Kisha aliyesoma akawaeleza wenziwe alichokikuta, kitamu na kichungu.

Chukueni mfano wa Abdilatif Abdalla. Alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?", akiikosoa serikali ya wakati ule, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Gerezani alitunga mashairi kwa siri, akayaandika kwenye karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972, na mwaka uliofuata mashairi hayo yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomtia ndani! Wakati huo mtunzi mwenyewe alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kwenda Dar es Salaam, na maisha yake yaliyobaki yakampeleka London na Leipzig.

Habari hii tunaisimulia kwa fahari, na ni haki yetu. Lakini kifungueni kitabu. Humo mna shairi liitwalo "N'shishiyelo ni lilo", na mtoto wetu wa Nkoroi atakwama hapo hapo kwenye jina, kama alivyokwama kwenye "ndoo". Lazima pawepo mtu mzima wa kumwambia kuwa mshairi anasema alilolishika ni lile lile, halibadiliki, hata akiwa kifungoni. Mna pia shairi la mtoto aliye tumboni anayemwomba mamake asimuue. Hilo si la kupigiwa makofi na kupita. Ni la kukaa nalo sebuleni, mama na baba na mabinti na wavulana waliobaleghe, likazungumzwa. Ndugu yake, marehemu Ahmad Nassir, ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita ilitoka mwaka 1971, ni mlango mwepesi zaidi kwa anayeanza. Na kwa nyumba zenye watoto wadogo kuna Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa wa Abdilatif huyo huyo, uliotoka mwaka 1971 na yeye yungali gerezani.

Nitamtaja na bibi mmoja, kwa kuwa kila tunapozungumza "waandishi wetu" orodha hujaa wanaume. Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na mwaka 1858 akamtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa beti zaidi ya 100. Alikuwa mgonjwa, na mwenyewe anaeleza humo kwamba maradhi yalikuwa yametimiza mwaka. Utendi huo umesomwa kwa vizazi vingi kama mawaidha ya mke kwa mumewe. Nimewahi kuwasikia mabinti wa humu mtaani, wanafunzi wa vyuo, wakisema una maneno mazito ambayo hawawezi kuyameza yote, na wazee wakakasirika. Mimi sikuona sababu ya hasira. Mabinti wale walikuwa wameusoma. Wengi wa waliokasirika waliusikia tu. Tena ukiusoma kwa makini utaona kuwa mama huyu anajua siku zake zimekaribia, na anatafuta namna ya kumwachia bintiye kinga katika dunia ambayo kinga ya mwanamke ilikuwa chache. Anayebishana na Mwana Kupona baada ya kumsoma amemheshimu kuliko anayemtaja jina na kupita.

Wako na wa leo, nao wanapungukiwa na wasomaji zaidi kuliko waliokufa. Kule Lamu yuko Ustadh Mahmoud Mau, aliyezaliwa mwaka 1952, imamu na mshairi, ambaye tungo zake kwa miaka mingi zilipita mkononi kwa mkono na kwenye kaseti kabla ya watafiti wa Ulaya kuzikusanya katika kitabu kilichochapishwa Leiden mwaka 2023. Mombasa yuko Khadija Abdalla Bajaber, aliyeandika riwaya ya The House of Rust mwaka 2021, juu ya msichana Aisha anayetoka baharini kumtafuta babake mvuvi, akiwa na paka msomi katika chombo kilichoundwa kwa mifupa. Mwaka uliofuata riwaya hiyo ilipata Tuzo ya Ursula K. Le Guin, ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa. Imeandikwa kwa Kiingereza. Je, ni wetu? Na Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana, akaishi Uingereza na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, naye ni wetu?

Baadhi ya wazee husema aliyeiacha lugha amejiacha. Siwaoni kuwa wamekosea kabisa. Lugha ni jambo kubwa, na marehemu Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyeturithisha neno "runinga", aliitumikia mpaka alipofariki mwaka 2017. Hata hivyo, soma Peponi, riwaya ya Gurnah ya mwaka 1994 iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa Dar es Salaam mwaka 2022. Kijana Yusuf anatolewa kwao kwa deni la babake, anapewa tajiri anayemwita ami, kisha anachukuliwa na msafara kuelekea bara. Pwani anaiacha nyuma, na bara haimjui. Sisi wa barabara ya Magadi, ambao msafara wetu ni matatu na treni, twaweza kuambiwa kwamba kitabu hicho hakituhusu kwa sababu kilianza kwa Kiingereza?

Majirani zetu Wamaasai wana wao pia. Henry ole Kulet wa Narok, aliyefariki mwaka 2021, aliandika riwaya za maisha ya Wamaasai tangu mwaka 1971, na Blossoms of the Savannah ilisomwa shuleni nchi nzima, na watoto wetu wakiwemo. Mtoto wa jirani alipokuwa akikisoma, mamake alimkatiza kila mara kumwambia, "Hapa ndivyo ilivyokuwa," au "Hapa mwandishi amezidisha." Nimeuonea wivu uhodari huo wa mama yule. Ndivyo kitabu cha kwao kilivyopaswa kusomwa.

Basi huu ndio ushauri ambao nimewaletea wahariri, nao, alhamdulillahi, wameukubali. Kuanzia Ijumaa ijayo, nusu ya ukurasa wa mwisho itakuwa ya nyumba moja kueleza kitabu kimoja cha mwandishi wa mwambao, kuanzia Lamu mpaka Unguja na Ngazija. Anayeandika awe amekisoma hadi mwisho. Aseme mwandishi alizaliwa wapi na ni wa ukoo wa elimu gani ikiwa anajua. Atuchagulie maneno mawili matatu ya Kimvita, Kiamu au Kipate yaliyomtatiza, na maana aliyopewa na mzee wake. Tena asiogope kutuambia pale ambapo kitabu kilimchosha. Sifa tupu tutazirudisha kwa mwenyewe. Mzee ambaye ana utendi moyoni na hana nguvu za kuandika, mjukuu amkalie na kalamu au amrekodi kwa simu, aandike kama anavyotamka, bila ya kumsahihisha iwe Kiswahili cha mtihani.

Wapo watakaosema gazeti letu ni dogo, karatasi chache zinazogawiwa baada ya swala, na waandishi wakubwa wanastahili mahali pakubwa. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Mombasa gazeti la Sahifa, kwa Kiswahili cha khati za Kiarabu, nalo lilikuwa karatasi ndogo. Mwaka 1932 likafuatiwa na Al-Islah. Humo alizungumza na watu wa mji wake juu ya elimu, mila na israfu, na makala kadhaa zikaja kuwa kitabu cha Uwongozi, ambacho wasomi wamekitafsiri katika miaka ya karibuni. Wengi wanamjua kwa sababu alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, au kwa sababu ni babake Profesa Ali Mazrui. Wachache wameisoma Uwongozi. Nyumba itakayoichagua hiyo tutaipa ukurasa mzima.

Vitabu vyenyewe havipatikani kirahisi, na hilo ni tatizo la kweli. Vingine havichapishwi tena, vingine bei yake ni ya chakula cha juma zima. Tumeanza kuazimana. Ustadh wa madrasa ameweka daftari karibu na mlango. Andika jina lako, kitabu ulichonacho na unachokitafuta. Mpaka jana daftari lilikuwa na vitabu 14, vinne kati yake ni nakala za Sauti ya Dhiki zilizosalia kutoka shuleni, zenye majibu ya mtihani pembeni kwa penseli. Nakala ya Peponi ni moja tu, na iko nyumba ya tatu tangu itoke kwangu. Aliye nayo tafadhali aimalize kabla ya Shaaban kuingia, kwa maana walioiandikia foleni wamefika saba.