Daraja Husimama kwa Matunzo

Tumezoea kumsifu ajengaye na kumsahau atunzaye. Siku ya kufungua jengo huwa na hotuba na ngoma; siku ya kuzibua mfereji haina mgeni rasmi. Mazoea hayo hayana budi kuachwa, na Daraja la Charles mjini Prague, katika Jamhuri ya Cheki, ni ushahidi wa kutosha.

Mafuriko ya mwaka 1342 yalibomoa daraja la mawe lililovuka mto Vltava. Mwaka 1357 Mfalme Charles wa Nne alianza kujenga jipya, lenye matao 16 na urefu wa zaidi ya meta 500. Hadi mwaka 1841 hapakuwa na daraja jingine mjini humo la kuvukia mto huo.

Hata hivyo, sifa za mjenzi hazikulilinda. Septemba 1890 mto ulifurika ukachukua magogo mengi. Magogo yakakwama kwenye matao, maji yakakosa njia, na matao matatu yakaanguka. Matengenezo yakaendelea hadi mwaka 1892.

Agosti 2002 yakaja mafuriko makubwa tena. Safari hii mitambo iliwekwa juu ya daraja, ikaopoa magogo na takataka kabla hazijaziba matao. Daraja likasalimika.  Kilichosaidia ni uangalifu wa binadamu.

Watakuwapo watakaosema kwamba fedha ni chache na mahitaji mapya ni mengi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta ni ghali zaidi. Tena matunzo si fedha peke yake, bali ni pia kukubali kujinyima: tangu mwaka 1965 magari hayaruhusiwi kupita katika daraja hilo, na watu huvuka kwa miguu.

Basi mtumishi anayepanga makadirio asiifanye kazi ya ukarabati kuwa fungu la kwanza kupunguzwa. Naye mwalimu anapowatajia wanafunzi jina la mfalme aliyejenga, awaeleze pia habari za wafanyakazi walioopoa magogo, ambao majina yao hayakuandikwa popote juu ya mawe. Mfalme alilijenga daraja mara moja tu. Wao na wenzao ndio waliolifikisha kwetu.