Punje, drakma na wakia: vipimo vya kale vya dawa

Juma hili twaingia katika duka la dawa la zamani. Mkifungua kitabu cha uganga cha Kiingereza cha miaka mia na zaidi iliyopita, mara nyingi hamtakuta gramu wala miligramu. Mtakuta punje, skrupulo, drakma, wakia na ratili. Ajuaye hesabu zake aweza kukielewa kitabu hicho. Asiyezijua aweza kumdhuru mtu.

Tuanze na majina, maana yana mafundisho ndani yake. Punje ni punje kweli, kwa kuwa Wazungu wa kale walipima vitu vidogo kwa mbegu ya nafaka, kama shayiri. Skrupulo latoka katika Kilatini, maana yake kijiwe chenye ncha. Kwa sababu hiyo, mtu anayesumbuliwa na mashaka madogo madogo ya dhamiri husemwa ana skrupulo: kijiwe ni kidogo, lakini kikiwa ndani ya kiatu hakimpi mtu raha. Drakma mwaijua katika Injili ya Mtakatifu Luka, palipo na mfano wa mwanamke aliyefagia nyumba akitafuta fedha yake iliyopotea. Wakia kwa Kilatini ni uncia, yaani sehemu moja ya kumi na mbili.

Sasa hesabu. Kwa wauza dawa wa Uingereza, punje 20 zilikuwa skrupulo 1. Skrupulo 3, drakma 1. Drakma 8, wakia 1. Wakia 12, ratili 1. Basi ratili nzima ilikuwa punje 5.760. Punje moja ina uzani wa miligramu 64,8. Kwa hiyo skrupulo ni karibu gramu 1,3. Drakma, gramu 3,89. Wakia, gramu 31,1. Na ratili, gramu 373,24.

Njia iliyo rahisi ni hii: geuza kila kitu kiwe punje kwanza, kisha zidisha kwa 0,0648, upate gramu. Tuseme kitabu chaagiza drakma 2 na skrupulo 1 ya chumvi ya haluli. Drakma 2 ni punje 120, skrupulo ni punje 20. Jumla punje 140. Zidisha kwa 0,0648: ni gramu 9,07.

Lakini jihadharini na mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni ratili ya dukani. Waingereza walikuwa na ratili nyingine ya kupimia nyama na sukari, yenye wakia 16 na gramu 453,6. Wakia yake ni gramu 28,35 tu. Jina ni moja, uzani ni mbalimbali. Wakia ile ya gramu 31,1 haijafa: hata leo ndiyo inayotumika katika soko la dhahabu la dunia.

Mtego wa pili ni nchi. Punje ya Ufaransa ya zamani ilikuwa miligramu 53 tu. Ya Nuremberg, mji wa Ujerumani, karibu miligramu 62. Basi punje 5 za Paris ni miligramu 266, na punje 5 za London ni miligramu 324. Kabla ya kuhesabu, uliza kwanza kitabu kilipigwa chapa wapi na lini.

Mtego wa tatu ndio mbaya kuliko yote. Waingereza waliandika punje kwa herufi «gr». Mtu akisoma «5 gr» akadhani ni gramu 5, atatoa dawa zaidi ya mara 15 ya ile iliyoagizwa. Kinini ikizidi hivyo humpofusha mtu, hata kumwua. Kwa hiyo gramu huandikwa «g» peke yake, msiongeze herufi.

Ufaransa iliweka sheria ya gramu mwaka 1795, ili watu wote wawe na kipimo kimoja. Ubelgiji iliifuata katika karne ya 19, na kwa njia hiyo gramu ikafika kwetu Kongo. Uingereza iliviacha vipimo hivi vya dawa mwaka 1971. Hata hivyo alama yake imebaki: nchini Marekani kidonge cha kawaida cha aspirini kina miligramu 325, nazo si kitu kingine ila zile punje 5 za kale.

Kitabu cha Mithali chatuonya kwamba Mungu huchukia mizani ya hila. Nao uzembe wa mizani, ingawa hauna hila, humfikia mgonjwa vilevile. Someni vitabu vya kale kwa ajili ya elimu. Dawa ya mtoto ipimwe kwa maagizo ya mganga wa leo.

Zoezi kwa wanafunzi: wakia 1 na drakma 3 za dawa ni gramu ngapi? Jibu: punje 660, yaani karibu gramu 42,8.